Kilichoumua Povu la Kisarawe

Siku ya kuniaga walinipa godoro. Si saa ya ukutani, si kitenge, wala si ile seti ya vikombe ambayo kila mstaafu wa ofisi yetu huondoka nayo imefungwa kwenye magazeti. Godoro zima, lina utepe mwekundu, limesimamishwa mlangoni pa ukumbi kama mgeni rasmi. Mkuu wa ofisi alikuwa bado anasoma hotuba. Mimi uvumilivu ulishanishinda. Nikainuka, nikalifuata, nikalibonyeza kwa dole gumba, nikainama nikalinusa, na kabla hajafika mwisho wa sentensi nikasema kwa sauti, "Poliurethani, matundu wazi, limeumuka huku likizaliwa!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mume wangu akajifunika uso kwa kadi ya mwaliko.

Basi sasa nipo nyumbani Misugusugu, sina pa kuwahi, na furaha niliyo nayo haina adabu hata kidogo. Nacheka peke yangu nikiosha vyombo, maana hata dodoki la sponji linanikumbusha kazi. Ninyi mliobaki kwenye zile meza mliniomba niwaandikie kitu cha kuwasaidia. Sitawasimulia nilivyopanda vyeo. Hizo habari ziko kwenye faili na zinachosha huko huko. Nitawasimulia kazi yenyewe, hasa ile ya Bi Zuhura wa Kisarawe, ambayo nikiikumbuka mpaka leo nyayo zinaniwasha.

Kwa faida ya ndugu zangu ambao nao watayasoma haya, na ambao kwa miaka yote walidhani nauza magodoro, niseme kwanza tulichokuwa tunafanya. Mtu akivumbua kitu, huomba hataza, yaani ulinzi wa kisheria, ili mwingine asikichukue. Lakini ulinzi hupewi mpaka ithibitike kwamba hakuna aliyekutangulia popote duniani. Nani atasoma karatasi za dunia nzima? Hakuna. Ndiyo maana kila ombi hupewa anwani ya herufi na tarakimu zinazofanana kila nchi, ili anayetafuta aingie mtaa mmoja tu na kugonga milango ya hapo. Ukimpa mtu anwani isiyo yake, utamtafutia ndugu kwenye ukoo wa wengine. Mtaa wangu ulikuwa C08J, nyumba namba tisa: plastiki zenye povu. Ndala, sponji, magodoro, yale maboksi meupe ya kuwekea samaki, vyote hupita hapo.

Siku ya kwanza nilikwenda kazini na koti jeupe la maabara mkobani. Nilikuwa nimetoka kufundisha kemia sekondari, nikajua naitwa kwenye mambo mazito. Nilipokelewa na Mzee Mhina, mtu wa Tanga, mwembamba, kofia kichwani, mpole wa kusema lakini macho yake yalikuwa yanacheka hata akiwa kimya.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Hilo koti la nini, unakuja kuchinja?"

Akavuta droo. Sikuona kitabu wala darubini. Niliona vipande vya godoro, ndala moja ya mguu wa kushoto, sponji ya kuoshea vyombo, na bonge la lile povu jeupe linalofungiwa televisheni. Akanipa ile sponji.

"Puliza."

"Nipulize nini, mzee?"

"Weka mdomo hapo, puliza, uniambie pumzi inakwenda wapi."

Nikapuliza. Pumzi ikatokea upande wa pili. Akanipa ndala, mpya, nashukuru Mungu. Nikapuliza mpaka mashavu yakaniuma, hakuna kilichopita. "Umeona?" akasema. "Ile ya kwanza matundu yake yamefunguliana milango, kama nyumba ya ndugu. Hii kila tundu limejifungia. Ndiyo maana sponji inakunywa maji na ndala inaelea." Naye akachukua kipande cha godoro akaanza kupuliza ili anionyeshe vizuri. Hapo ndipo mkuu wa ofisi wa wakati ule alipofungua mlango, akamkuta mfanyakazi wake wa zamani na mwajiriwa wake mpya wametazamana, mmoja amebusu godoro, mwingine amebusu ndala. Alifunga mlango polepole. Mzee Mhina alicheka hadi akavua kofia.

Nilikaa naye miaka mingi na somo lake lilikuwa moja tu: kabla hujaandika tarakimu yoyote, jiulize kitu hiki kimeumuliwa na nini. Kuna povu linaloumuliwa na dawa iliyochanganywa humo ndani ikatoa gesi, kama hamira kwenye maandazi. Kuna linaloumuliwa na kimiminika kinachochemka na kugeuka mvuke, kama uji unavyoinua mfuniko. Kuna watu wajanja ambao hawaumui chochote: wanachanganya plastiki na chumvi, ikishaganda wanaiosha chumvi yote, yanabaki matundu. Kwa macho, yote matatu ni sponji. Kwa anwani, ni mitaa mitatu mbalimbali, na aliyeko mtaa mmoja hawezi kuonekana na anayetafuta mtaa mwingine.

Vifaa vyangu navyo havikuwa vya kutisha. Mkasi, glasi ya maji ya kuona nini kinaelea, kioo cha kukuzia, na dole gumba. Dole gumba ndilo kubwa. Povu zuri likibonyezwa hurudi taratibu kama mtu anayeamka Jumapili. Lililopikwa vibaya hubaki na shimo. Vijana walipoanza kuajiriwa walinitania sana, maana siku hizi kutoa povu ni kumwaga maneno kwa hasira mitandaoni. "Dada Resti," wakasema, "kwa hiyo wewe umesomea povu?" Nikawaambia ndiyo, na nalipwa kwa kulipanga. Mmoja alinichapishia kibandiko, "Hapa Povu Hupangwa," nikakibandika mlangoni. Mkuu wa ofisi hakukipenda. Kilikaa pale mpaka karatasi ikachakaa yenyewe.

Sasa Bi Zuhura.

Ombi lake liliingia Mzee Mhina akiwa anakaribia kustaafu. Mwombaji alikuwa mwanamke wa Kisarawe, wa familia iliyokaa huko tangu enzi za mababu, anayebangua korosho na wanawake wenzake kwenye banda la kaka yake. Maganda ya korosho yana mafuta mazito, meusi, yanayounguza mikono. Watu huyatupa. Bi Zuhura alikuwa na mpwa aliyesoma kemia chuoni, na huyo alimweleza kwamba mafuta hayo yakichanganywa na fomalini na asidi kidogo hugeuka plastiki ngumu. Mpwa akarudi chuoni. Bi Zuhura akabaki na lile neno, akajaribu, akaharibu, akajaribu tena, mpaka siku moja akatoa povu jepesi la kahawia, gumu kwa nje, ambalo joto halipenyi.

Alilifanyia nini? Koti la keni ya maziwa! Dada yake ameolewa Magindu kwa wafugaji. Maziwa ya huko hukamuliwa asubuhi, na yakifika Kibaha mjini jua limeshayafanyia lake. Zuhura akaivisha keni koti la povu, akampa shemeji yake ajaribu bila kumwambia limetengenezwaje, na maziwa yakafika yakiwa vile vile yalivyotoka. Nilisoma ombi hilo huku nikitikisa miguu chini ya meza. Kulikuwa na mafuta ya korosho, fomalini, maji ya betri kama asidi, spiriti kidogo "ili mchanganyiko uwe mwepesi kumimina," na mwisho, kwa maneno yake mwenyewe, "magadi, ambayo ndiyo yanayoumua."

Magadi yakikutana na asidi hutoa gesi. Hakuna utata. Nikampa anwani ya povu linaloumuliwa na dawa inayotoa gesi hiyo, Mzee Mhina akaikagua, akakubali, na faili likaenda kwa Deo.

Deo alikuwa mchunguzi wetu, kijana wa Kagera, msafi, kiatu kinang'aa, mwenye akili na haraka kidogo. Kazi yake ilikuwa kutafuta kama kuna aliyetangulia. Akaingia mtaa niliomwelekeza, na baada ya siku chache akaja mezani kwangu ameshika karatasi, uso umeanguka.

"Dada Resti, yupo."

"Yupo nani?"

"Aliyemtangulia. Nchi ya mbali, zamani kweli. Mafuta ya korosho, asidi, na dawa ya jamii ya magadi. Povu. Kila kitu."

Nilisoma mara ya kwanza na ya pili. Alikuwepo. Kwa maneno yaliyoandikwa, Bi Zuhura alikuwa amechelewa kizazi kizima. Deo akaandaa barua ya kumjulisha kwamba ombi linaelekea kukataliwa.

Badala ya kujibu kwa barua, Bi Zuhura alikuja mwenyewe. Tulimsikia kabla hatujamwona, maana alikuwa anamtania mlinzi getini. Mwanamke mnene, mtandio wa manjano, amebeba keni ya maziwa iliyovikwa koti kama mtoto. Aliiweka juu ya meza ya Deo, juu ya faili lake mwenyewe.

"Baba, shika hapo."

Deo akashika.

"Ndani kuna chai ya moto niliyoitia alfajiri Kisarawe. Unasikia joto?"

"Sisikii, mama."

"Huyo mtu wako wa mbali, povu lake linafanya hivi?"

Deo akafungua ile karatasi ya kigeni na kumwonyesha. Povu la yule mtu lilikuwa zito, la kutengenezea vizibo. La Zuhura lilikuwa jepesi mno kulinganisha. Lakini viungo vilikuwa vile vile na njia ilikuwa ile ile, na Deo alimweleza kwa upole kwamba wepesi peke yake hautoshi kama haelezi umetoka wapi.

Zuhura aliketi. Kicheko kikamfutika usoni. "Kaka yangu Salum amenipa banda mpaka msimu huu uishe," akasema. "Anataka kulirudisha liwe ghala. Na pale kuna wanawake wenzangu, wengine hawana mahali pengine. Nimewaambia kila siku: subirini, karatasi ya serikali inakuja. Nikirudi niwaambie kuna mzungu alishafanya?"

Mzee Mhina, aliyekuwa kwenye meza ya pembeni akijifanya anasoma, akaikokota ile keni, akachomoa kipande kidogo cha koti ambacho kilikuwa kinaning'inia, akakiweka mdomoni na kupuliza. Zuhura alimtazama kama mtu aliyeingia ofisi isiyo yake.

"Mama," akasema Mzee Mhina, "magadi hayaumui hivi. Matundu ni madogo mno. Tunaweza kuja kuona ukipika?"

Tulikwenda Kisarawe sisi watatu kwa gari la ofisi, kwa ruhusa iliyoandikwa kwa maneno marefu kuliko safari yenyewe. Banda la Salum lilikuwa chini ya mteremko, limezungukwa na marundo ya maganda ya korosho. Wanawake walikuwa kimya kuliko nilivyotegemea, wamejipanga ukutani kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani. Salum mwenyewe, mzee wa kanzu, alitukaribisha kwa heshima, akatuletea viti na chai, kisha akakaa mbali kidogo, mikono imefungwa kifuani.

Zuhura alivaa glavu, akapanga vitu vyake. Mafuta yapo. Fomalini ipo. Maji ya betri yapo kwenye chupa iliyowekwa peke yake. Spiriti ipo, mbali kabisa na jiko. Akafungua kopo la magadi. Akalipindua. Akalitikisa.

"Wifi!" akaita.

Mke wa Salum akatokeza kichwa jikoni.

"Magadi yangu yako wapi?"

"Nimepikia kisamvu."

"Yote?"

"Wageni wa serikali hao, Zuhura. Ulitaka wale kisamvu kigumu?"

Nilimeza kicheko kikaniumiza kifua. Zuhura hakucheka. Alikuwa na machozi ya hasira machoni. Alisema twende zetu, tutarudi siku nyingine, yeye hana bahati. Deo alitazama saa, akasema ratiba ya gari ni ngumu, hajui kama tutapewa tena. Mzee Mhina akawa anakoroga chai yake.

"Pika hivyo hivyo bila magadi," akasema.

"Halitaumuka, baba. Litakuwa tope."

"Vizuri. Tuone tope. Tukishaona tope, tutajua magadi yanafanya nini."

Zuhura akakubali kwa shingo upande. Akamimina mafuta kwenye ndoo, akafuata na fomalini, akatia spiriti, akakoroga mpaka ikawa laini. Mwisho akatia asidi, polepole, akakoroga haraka, akamimina ndani ya kiunzi cha mbao kinachoizunguka keni, akafunika kwa ubao na kuweka jiwe juu, kwa mazoea tu. Kisha akatugeuzia mgongo. "Haya, tope lenu hilo. Kuleni."

Tukaletewa ugali na kisamvu. Kilikuwa laini ajabu, hilo lazima niseme.

Deo ndiye aliyekuwa karibu na kiunzi. Nilimwona anaacha tonge hewani. "Dada," akasema, "lile jiwe lilikuwa limekaa hivyo?"

Jiwe lilikuwa limeinama. Kisha likainama zaidi. Kisha ubao ukapanda, taratibu kabisa, kama mtu anayeinua blanketi kuchungulia, jiwe likateleza likaanguka, pu! Na likatoka povu. Lilitoka kahawia, linang'aa, linapumua, linatoa harufu ya spiriti iliyotufikia mpaka kwenye ugali. Lilipanda juu ya kiunzi, likamwagika pembeni, likaimeza keni, likaushika mguu wa benchi. Deo akaruka nyuma, kiatu chake kimoja kikabaki. Lile povu halikujali ni kiatu cha nani. Likakizunguka, likakipokea, likaganda nacho.

"Limeumuka!" akapiga kelele mwanamke mmoja. "Zuhura, limeumuka bila magadi!"

Hapo hakuna tena mambo ya serikali. Mzee Mhina aliinuka akipiga makofi kama mtoto, kofia imekwenda upande. Mimi nilikuwa nimesimama juu ya kiti, sijui nilipanda saa ngapi. Deo, mguu mmoja una kiatu na mwingine una soksi, akawa anazunguka kiunzi akisema peke yake, "Joto! Guseni, guseni! La, msiguse! Ni joto!" Kisha akageuka, macho yamemtoka.

"Nimeelewa. Mafuta yakiganda yanatoa joto lake yenyewe. Joto linachemsha spiriti. Ni spiriti! Spiriti ndiyo inayoumua. Magadi yalikuwa yanakula asidi tu, yanaipunguzia nguvu. Siku zote yalikuwa yanalizuia!"

"Thibitisha," akasema Mzee Mhina, ambaye hata akiwa anacheka hakusahau kazi.

Zuhura akapika tena, sasa akaacha spiriti. Tulizunguka kiunzi tukiwa tumeinama, wazee kwa vijana, tumeshika magoti. Mchanganyiko ukapata joto, ukaganda, ukabaki pale pale chini, mweusi na mzito kama lami. Akapika ya tatu, yenye spiriti. Ikapanda kama ile ya kwanza, na safari hii Deo alikuwa amesimama mbali.

Lakini nilipomtafuta Zuhura ili nimkumbatie, nilimkuta amekaa juu ya rundo la maganda, glavu bado mkononi.

"Kwa hiyo miaka yote hii," akaniambia, "nilikuwa sijui ninachokifanya."

Mzee Mhina akaja akachuchumaa mbele yake. "Mama Zuhura, umejua kulitengeneza, na hakuna mwingine aliyejua. Tukupe pole ya nini? Hilo la kwamba limeumuka kwa nini, hata sisi tumelijua leo, tena kwa msaada wa kisamvu."

Zuhura akamtazama. Midomo ikaanza kumcheza. Halafu akacheka, kicheko kile cha getini, akacheka mpaka akaanguka nyuma juu ya maganda, na banda zima likamfuata. Salum alikuwa amekunjua mikono. Alikwenda kwenye povu lililopoa, akaligonga kwa kifundo cha kidole, akalisikiliza, akaligonga tena.

"Na koti la tanki la maji linawezekana?" akauliza.

Zuhura akainuka, akajipangusa maganda. "Linawezekana, kaka."

"Basi hapa patakuwa padogo," akasema Salum. "Sogezeni yale marundo." Akaondoka kwenda kuswali, na habari ya ghala haikutajwa tena.

Sheria hairuhusu kuongeza jambo jipya ndani ya ombi lililokwisha kuingia. Bi Zuhura aliliondoa lile la kwanza kabla halijatangazwa, na tukamsaidia kuelewa namna ya kuandika jipya: hakuna magadi, spiriti inachemshwa na joto la mchanganyiko wenyewe. Lilipofika mezani kwangu niliandika anwani mpya, povu linaloumuliwa na kimiminika kinachochemka, nikaikagua, nikaikagua tena. Nikampelekea Deo, kisha nikarudi kukaa, na nikagundua kwamba siwezi kukaa. Maana mtaa mpya nao una wakazi wake. Ilikuwaje kama na huku yupo aliyetangulia?

Nilikwenda kusimama nyuma ya kiti cha Deo. Mzee Mhina akaja akasimama nyuma yangu. Deo akawa anafungua, anasoma, anafunga. Anafungua, anasoma, anafunga. Mara akasimama kwenye moja, akasogea karibu na kioo cha kompyuta. Mafuta ya maganda ya korosho. Asidi. Spiriti. Nilimshika bega bila kukusudia, akalia "aa!" Tukasoma sote watatu kwa sauti, tukipishana mistari, mpaka tukafika mahali panaposema plastiki hiyo ni ya kutengenezea pedi za breki, na kwamba spiriti yote ikaushwe kwanza ili pasibaki tundu hata moja.

"Anafukuza matundu!" akasema Deo. "Huyu anayachukia matundu!"

Mzee Mhina alikaa chini, akajipepea kwa kofia. Deo aliendelea mpaka mtaa ukaisha. Hakukuwa na mtu. Nyumba ya Bi Zuhura ilikuwa tupu, inamsubiri mwenyewe.

Hataza ilipotoka Mzee Mhina alikuwa ameshastaafu na kurudi Tanga. Nilimpigia, akaniomba nimsomee anwani iliyoandikwa kwenye ukurasa wa kwanza, tarakimu kwa tarakimu, kisha akasema, "Sawasawa," na kwa jinsi ninavyomfahamu, hayo yalikuwa machozi. Banda la Kisarawe likaongezwa upande wa mteremkoni. Ukienda Magindu asubuhi utaziona keni zimevaa makoti, na baadhi ya wafugaji wamezishonea na vitambaa vya rangi, mtu asipotelewe na yake. Deo alipewa kiatu kipya na wale wanawake. Kile cha zamani bado kiko ndani ya povu, kimewekwa juu ya rafu pale bandani, na wageni wanaambiwa ni cha serikali.

Baada ya hapo nilifanya kazi miaka mingine mingi: povu la mihogo lililoliwa na panya kabla ya uchunguzi, sponji iliyodaiwa haichafuki ikaletwa ikiwa chafu, bwana mmoja aliyetaka hataza ya mashimo bila plastiki inayoyazunguka. Nilizipenda zote. Lakini kuna jambo lilitokea katika wiki zangu za mwisho, na ndilo ninalotaka mbaki nalo.

Deo, ambaye sasa ndiye anayewafundisha ninyi, aliingia chumbani kwangu na karatasi mkononi, akawa anatabasamu kama mtu aliyeficha kuku ndani ya koti. Ilikuwa ripoti ya uchunguzi kutoka nchi ya mbali, ambako kampuni kubwa iliomba hataza ya povu la mafuta ya korosho linaloumuliwa na kimiminika kinachochemshwa na joto la mchanganyiko. Mchunguzi wa huko, mtu ambaye sitamjua kamwe, aliingia mtaa ule ule, akagonga milango, na mlango mmoja ukafunguka. Akaandika kwamba ombi halikubaliki, kwa sababu jambo hilo lilishafanyika, na pale penye jina la aliyetangulia palikuwa na jina la mwanamke wa Kisarawe.

Nilimpigia simu hapo hapo. Nyuma yake nilisikia mashine za kubangulia.

"Bi Zuhura, shikamoo."

"Marahaba mwanangu Resti! Kuna nini, mbona unahema?"

Nikamweleza, polepole, mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilikuwa nacheka mno. Kwamba huko mbali kuna watu wenye maabara, wamefikia lile lile alilolifikia yeye, wakaambiwa wamechelewa. Kwamba walimtafuta aliyetangulia, wakamkuta yeye.

Mashine zikazimwa moja baada ya nyingine. Nilimsikia akiwaeleza wenzake kwa sauti ya chini, kisha vigelegele vikapasuka kwenye simu, vikatoka kwenye kile kipaza sauti kidogo mpaka wafanyakazi wa chumba cha pili wakaja kuchungulia. Vilipotulia Zuhura akarudi kwenye simu, pumzi zimemwisha.

"Masikini," akasema. "Na walivyohangaika. Waambie waje Kisarawe, nitawaonyesha."